Ndiyo Isiyokuwa Yes



Waandalizi wa jioni hii waliponijia nyumbani kuniomba nizungumze juu ya ibara za Kiingereza zinazokanganya watu, na namna ya kuzitumia ipasavyo, nilitaka kuwaomba udhuru, kwani mzungumzaji wa jambo kama hili ni rahisi kuonekana mjuvi anayezunguka na wembe mkononi akitafuta ndevu za watu wazima azinyoe. Lakini kabla sijafumbua kinywa kukataa nilimkumbuka shahidi mmoja niliyemwona mahakamani katika ujana wangu, miaka ile nilipokuwa karani mdogo na mkalimani wa dharura, nikaona kwamba nina deni kwake, na kwamba deni hilo sijapata kulilipa.

Alikuwa mtu wa makamo, nahodha wa jahazi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ya makaa na kofia ya viua, na Kiingereza alikijua kile cha bandarini, kiasi cha kumtosha kuuza na kununua. Nilipoinuka nimtafsirie alinipungia mkono nikae, kwa kuwa aliona ni kujidunisha kusemewa na kijana wa rika la wanawe. Hakimu, Mwingereza mstahivu aliyekuwa na ada ya kuandika kwa mkono wake kila neno lililosemwa, akamwuliza, “You did not see this man that night?” Nahodha akajibu kwa sauti iliyosikika hadi barazani, “Yes, sir.” Kalamu ikaandika. Hakimu akauliza, “So you saw him?” Nahodha akamkazia macho, akasema, “No, sir.” Kalamu ikasimama. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akarudia swali lake la kwanza neno kwa neno; nahodha naye akarudia jibu lake la kwanza neno kwa neno; na lau wakili mmoja hakuinuka kuomba ruhusa ya kusema, mtu yule mkweli angalitoka pale na mashitaka ya kusema uongo baada ya kula kiapo.

Mushkili huu una asili yake, wala asili yake si ujinga wa nahodha au ukaidi wa hakimu. Mswahili aulizwapo “Hukumwona?” huipima kwanza kauli ya mwulizaji: ikiwa imesadifu kweli huijibu “Ndiyo”, yaani, ndivyo ulivyosema, sikumwona, na ikiwa imekosea huirudisha kwa “La” au “Hapana”, yaani, sivyo, nilimwona. Mwingereza hajishughulishi na kauli ya mwulizaji hata kidogo. Yeye hutazama tukio lenyewe, na kama lilikuwapo hujibu “yes”, na kama halikuwapo hujibu “no”, swali liwe limeulizwa kwa kukanusha au kwa kuyakinisha. Kwa hiyo “yes” yake haikubali kufuatwa ila na kitenzi yakinishi, na “no” yake haikubali kufuatwa ila na kitenzi kanushi, na ile “Yes, I did not see him”, ambayo kwetu ni jibu lililonyooka kama mlingoti, masikioni mwake ni kama mtu aliyetweka tanga na kutia nanga kwa pamoja.

Wanafunzi wetu huambiwa kwamba hii ni kanuni ya Kiingereza, waikariri na waende zao. Mimi kukariri hakukunitosheleza, na faraja niliipata mahali nisipopatarajia, katika darasa la nahau ya Kiarabu baada ya sala ya alasiri, ambako sheikh wetu alitupambanulia “naam” na “bala”. Waarabu wana maneno mawili hapa. “Naam” husadikisha kauli iliyotangulia kama ilivyo, na ikiwa ni ya kukanusha huiacha katika kukanusha kwake. “Bala” huja kulibatilisha lile kanusho na kukithibitisha kilichokanushwa. Ndiyo maana katika aya ya 172 ya Suratul Aaraf, ambamo kizazi cha Adamu kinaulizwa na Mola wao kama Yeye si Mola wao, jibu lililotajwa ni “bala”, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau wangelijibu “naam” wangelikufuru, kwa maana wangelikuwa wamesadikisha kwamba Yeye siye. Siku ile nilitoka darasani nikijua kwamba “ndiyo” yetu na “naam” ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba nahodha, laiti hakimu wake angalipata kukaa mbele ya sheikh wetu kwa muda wa alasiri moja, angalieleweka pasi na wakili.

Lililonistaajabisha zaidi ni kuja kujua baadaye kwamba Waingereza wenyewe walikuwa nayo zamani hazina ya namna hii, wakaipoteza. Kiingereza cha kale kilikuwa na majibu manne: “yea” na “nay” kwa swali lisilo na kanusho, na “yes” na “no” kwa swali lenye kanusho. William Tyndale alipolifasiri Agano Jipya kwa Kiingereza katika miaka ya 1520, alifika pale katika Injili ya Yohana ambapo Yahya anaulizwa kama yeye ndiye nabii, akaandika kwamba alijibu “no”. Sir Thomas More, mwanasheria mkubwa na waziri wa Mfalme Henry wa Nane, na hasimu wa Tyndale katika mambo ya dini, alimshika pale pale katika kitabu alichokitoa mwaka 1532, akasema kwamba mtu asiyejua wakati wa “no” na wakati wa “nay”, nayo ni maneno mepesi hivyo, hafai sana kuwa mfasiri wa Kiingereza; kwani swali lile halikuwa na kanusho, na lilistahili “nay”. Hoja ilikuwa sahihi. Ila More, katika kuieleza kanuni yenyewe, aliipindua juu chini, akaandika kwamba “no” ndilo jibu la swali la kuyakinisha, na wanazuoni waliomfuata hawakumfichia aibu hiyo. Watu hao wawili waliuawa wote, More akikatwa kichwa mwaka 1535 na Tyndale akinyongwa na kuchomwa moto mwaka 1536, wala si kwa ajili ya “nay”. Na haukupita muda mrefu ila tofauti waliyoigombania ikafifia vinywani mwa watu, “yea” na “nay” zikabaki kwa washairi na wahubiri. Wafaransa wana “si” yao na Wajerumani wana “doch”, ambazo kazi yake ni ile ile ya “bala”. Mwingereza hana kitu, na msione ajabu mkiwasikia hata wao kwa wao wakiulizana mara ya pili.

Dawa yangu kwa wanafunzi ni nyepesi. Ukiulizwa kwa Kiingereza swali lenye kanusho, na moyo wako una wasiwasi, ziache “yes” na “no” zote mbili zipumzike, ujibu kwa kitenzi kizima: “I saw him”, au “I did not see him”. Hakimu ataandika, na kalamu haitasimama.

Sasa, katika mlango huu huu wa lugha ya mama hupita makosa mengine mengi, na mengi ni ya kuonewa huruma kuliko kuchekwa. Kuazima kwetu ni neno moja linalokwenda na kurudi: mwenye kalamu huazima na asiye na kalamu huazima, na mazungumzo yenyewe ndiyo yanayotuambia nani ametoa na nani amepokea. Mwingereza ana mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia. Atoaye ni “lend” na apokeaye ni “borrow”, na kijana anayemwambia mwenziwe “Borrow me your pen” amemwomba mwenye kalamu aje aazime kalamu yake mwenyewe. Ajabu ni kwamba mambo yanapofika kwenye fedha sisi nasi tumejihadhari, tukawa na kukopa na kukopesha, wala hapana muuza duka aliyepata kuzichanganya mbili hizo. Mwanafunzi anayejikwaa katika “lend” na “borrow” mwambie aisahau kalamu, afikirie deni la dukani, ataiona njia mwenyewe.

Hadithi ya “by” na “until” ni ndefu kidogo, nami nina haki ya kuisimulia kwa kuwa ilinigharimu. Nilipotoka mahakamani niliandikwa kazi katika kampuni moja ya uwakala wa meli, ambayo sitaitaja, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wateja kuwaarifu kwamba mizigo yao imeshushwa. Siku moja nilimwandikia mwenye shamba la katani huko bara kwamba makasha yake saba ya vipuri yatahifadhiwa ghalani kwetu hadi tarehe 30 ya mwezi wa sita, na baada ya hapo yatatozwa ushuru wa ghala. Na kwa “hadi” nikaandika “by”, neno fupi, lililopendeza machoni pangu kuliko “until”. Mtu yule akasoma kama Kiingereza kinavyosomeka, kwamba makasha yatakuwa yamekwisha kuingizwa ghalani ifikapo tarehe 30, na kwamba labda bado yako njiani kutoka gatini. Akatulia, akaleta lori lake tarehe 4 ya mwezi uliofuata. Naona hata leo kidole chake, kina kovu la mkonge ukuchani, kimekaa juu ya “by” yangu katika barua aliyoikunjua mezani, naye hasemi neno, ananitazama tu. Ushuru wa siku nne uligawanywa, nusu akalipa yeye, na nusu ikakatwa katika mshahara wangu.

Tangu siku ile sijasahau kwamba “until” huvuta mstari wa jambo linaloendelea mpaka likome, kama mtu anayelala hadi alfajiri, na kwamba “by” huweka mpaka ambao jambo la mara moja haliruhusiwi kuuvuka, kama mtu aliyeambiwa alipe deni isizidi Ijumaa. Penye “isizidi” andika “by”. Penye “huku jambo likiendelea” andika “until”. Kiswahili, kwa kuwa kinavumilia “hadi” katika mahali pote pawili, hakitupi onyo lolote, na mwandishi wa barua asipojiuliza swali hili kwa ulimi wake mwenyewe kabla ya kushika kalamu, atalipia ghala.

Ipo “sorry” nayo. Mgeni wa Kiingereza akijikwaa ngazini, mwenyeji wake wa Kiswahili humwambia “Sorry”, akikusudia “Pole”, na mgeni hushtuka na kumjibu kwamba si kosa lake. Kwa kuwa “sorry” katika mahali kama hapo kwao ni neno la mwenye taksiri anayeomba radhi, ilhali “pole” yetu haiulizi nani aliyekosa, hutazama maumivu tu. Mimi sioni neno la Kiingereza linaloweza kubeba mzigo wote wa “pole”. Na nakiri kwamba katika hili sina ghera ya kuwasahihisha watu wangu; mgeni akikaa mwaka mmoja huanza kusema “pole” yeye mwenyewe, na husema vizuri. Lakini yule anayeinuka kitini, akaelekea mlangoni, akasema “I am coming” huku mgongo wake unatoweka, huyo na asahihishwe, kwa kuwa Mwingereza hubaki akitazama mlango akijiuliza anayekuja ni nani. “Nakuja” ya namna hiyo kwao ni “I will be back”.

Yapo mengine ambayo Kiswahili, badala ya kuyatatiza, huyafungua, na sikitiko langu ni kwamba walimu hawautumii ufunguo huo. “I used to drink coffee” na “I am used to drinking coffee” huwasumbua wanafunzi miaka mitatu, ilhali ya kwanza ni “nilikuwa nikinywa kahawa”, na huenda siku hizi sinywi, na ya pili ni “nimezoea kunywa kahawa”, na kikombe kingali mkononi; nani kati yetu aliyepata kuchanganya kuzoea na kuwa zamani? Vivyo hivyo “few came” na “a few came”, ambazo herufi moja ya “a” inazitenga kama kilio na faraja: ya kwanza husema watu hawakuja ila wachache mno, na msemaji amesikitika; ya pili husema wapo waliokuja, na msemaji ameridhika. Karani wa harusi atakayeiacha “a” hiyo katika barua ya shukrani amewatukana wageni wake.

Nimesema sana juu yetu sisi, na insafu inataka niseme juu ya wenye lugha, kwani wao nao hukosea, ila mlango wao ni mwingine. Sisi hukosea kwa sababu tunafikiri kwa Kiswahili. Wao hukosea kwa sababu wanasikia. Mtoto wa Kiingereza huyapokea maneno kwa sikio miaka mingi kabla hajayaona kwa jicho, na ibara zilizokwisha kukatika mizizi humfikia kama mlio mtupu, akautafutia maana iliyo karibu. Mwandishi wa michezo Richard Sheridan aliwachekesha watu wa London mwaka 1775 kwa kumleta jukwaani Bibi Malaprop, mwanamke aliyependa maneno makubwa kuliko akiba yake, ambaye alikusudia kumtaja mamba wa mto Nile akamwita istiara, kwa kuwa “alligator” na “allegory” zilikaa jirani kichwani mwake. Lakini hilo ni kosa la kujikweza. Lipo jingine lenye akili zaidi, nalo limepewa jina juzi tu, mwaka 2003, wakati mtaalamu wa isimu wa Marekani, Mark Liberman, alipoeleza habari za mwanamke aliyekuwa akiliita tunda la mwaloni, ambalo kwao ni “acorn”, kwa jina la “egg corn”, nafaka ya yai. Na mwenzake Geoffrey Pullum akashauri makosa yote ya jinsi hiyo yaitwe kwa jina la kosa lenyewe. Litazameni tunda hilo: lina umbo la yai, na ni punje. Bibi yule alikosea kwa hoja. Wala tusimcheke, sisi ambao tuliona kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa Kiingereza “keep left”, tukakifanya kipilefti, na vikizidi kimoja tukaviita vipilefti, na leo hapana dereva wa Dar es Salaam asiyejua ni nini.

Basi wengi wao huandika “free reign”, ufalme usio na mipaka, pahali pa “free rein”, ambayo ni hatamu iliyolegezwa farasi aende apendavyo. Na sisi ambao tumesikia kwa miaka mingi juu ya kushika hatamu hatuna udhuru wa kupotea hapa, kwani hatamu haishikwi na farasi. Huandika “wet the appetite”, kuilowesha hamu ya chakula, pahali pa “whet”, kuinoa kama kisu kinavyonolewa. Huandika “tow the line”, kukokota kamba kama tishari, pahali pa “toe the line”, kuweka vidole vya miguu kwenye mstari pamoja na wenzako usiuruke. Husema “for all intensive purposes” pahali pa “for all intents and purposes”, ibara iliyotoka katika lugha ya sheria za Kiingereza za karne ya 16, wakati wanasheria walipokuwa wakipanga maneno mawili matatu ya maana moja ili pasibaki tundu la mtu kuponyokea. Na Wamarekani wengi husema “I could care less” wakikusudia kwamba jambo haliwashughulishi hata chembe. Lakini hesabu inawakataa, kwa kuwa anayeweza kujali kwa uchache zaidi bado anajali kitu, na anayesema “I couldn’t care less” ndiye aliyefika sifuri.

Ninayoipenda kupita zote ni “bated breath”, pumzi iliyozuiwa kwa hofu au kwa matarajio, ambayo hata magazeti huichapa “baited breath”, na hapo msomaji wa pwani humwona mtu ametia chambo puani mwake. “Bated” ni ufupisho wa “abated”, iliyopunguzwa. Iliingia katika lugha kwa kalamu ya Shakespeare, katika mchezo ule ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi na ukachapishwa mwaka 1969, mahali ambapo Shylock anamkumbusha Antonio matusi yake na kumwuliza kwa kejeli kama sasa amjie kwa unyonge wa mtumwa. Anayekijua kikao hicho, na uchungu uliomo ndani ya pumzi ile, hatatia chambo.

Nimebakiza ibara mbili za wasomi, na hizi ni hatari kuliko zote kwa sababu wanaozikosea ni watu wenye shahada. Ya kwanza ni “to beg the question”. Leo kila mtangazaji huitumia kwa maana ya “jambo hili linazusha swali”, na kwa maana hiyo Kiingereza kina “raise the question”, ibara timamu isiyohitaji msaidizi. Maana yake ya asili ni kosa la mantiki alilolieleza Aristotle, nalo ni kukifanya kinachotakiwa kuthibitishwa kuwa ndicho ushahidi: kama mtu anayesema kwamba fulani ni mkweli, ukimwuliza umejuaje, akajibu, mwenyewe ameniambia kwamba hasemi uongo. Walatini waliliita “petitio principii”, na Waingereza wakalifasiri kwa “beg”, kuomba, ndipo lilipoanza kuwakanganya wajukuu wao. Masheikh waliomo humu ndani wananitangulia, nawaona wanatabasamu. Kosa hili katika vitabu vya mantiki vya Kiarabu linaitwa musadara, na mwanafunzi wa chuoni aliyelisoma huko hatakuja kudhani kwamba ni kuzusha swali.

Ya pili ni “the exception proves the rule”. Mtu akidai kwamba wavuvi wote ni wasema chumvi, ukamletea mvuvi mmoja mkweli, hukujibu kwa ibara hii kana kwamba mvuvi wako amemsaidia. Na wengine, wakiona upuuzi huo, hutafuta kuuokoa kwa kusema kwamba “prove” hapa ni kujaribu, si kuthibitisha. Wote wawili wamekosa. Hii ni kanuni ya sheria, na hoja yake aliitumia Cicero mwaka 56 kabla ya Kristo alipomtetea Balbus, mtu wa Gades huko Hispania, juu ya uraia wake wa Roma: alisema kwamba ikiwa mikataba ya Roma na makabila mengine imetamka kwamba watu wao wasipewe uraia, basi kule kuwatoa hao kunathibitisha kwamba asiyetolewa anaruhusiwa. Shuleni mkiona kibao kwamba leo ni ruhusa taa kuwaka hadi saa nne, mmejua pasi na kuambiwa kwamba siku nyingine huzimwa mapema. Kilichotolewa kimeifichua kanuni. Na Mshafii yeyote aliyegusa usuli fikhi ataona kwamba amefika nyumbani, kwa kuwa hii ni jirani wa mafhumu mukhalafa: likitajwa kwamba zaka ni ya mbuzi na kondoo wanaochunga malishoni, imefahamika kwamba wanaolishwa nyumbani hawamo. Maimamu wa Kihanafi hawaikubali hoja hii, na mjadala wao na wetu una utamu kuliko chochote nilichokisoma juu ya ibara hii kwa Kiingereza, isipokuwa kurasa za H. W. Fowler katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, ambaye aliieleza kwa mfano wa askari waliopewa ruhusa ya kuchelewa kurudi kambini.

Na msidhani kwamba hitilafu hizi ni za darasani tu. Churchill alisimulia katika historia yake ya vita kwamba makamanda wa Uingereza na wa Marekani walipokutana Washington, mwishoni mwa mwaka 1941, Waingereza walikuwa na waraka wa haraka wakasema wanataka “to table it”, yaani kuuweka mezani ujadiliwe sasa hivi. Wamarekani, ambao kwao ibara hiyo ni kuliweka jambo kando lisijadiliwe, wakapinga kwa kuwa waliona ni muhimu mno kuahirishwa. Wakabishana muda mrefu, na kwa ukali, kabla hawajatambua kwamba wanataka kitu kimoja. Bunge letu limefuata Waingereza, na hati zetu zikiwasilishwa mezani huwasilishwa ili zionekane. Anayekwenda kusoma Marekani na achunge ulimi.

Nimerudi kwa nahodha wangu. Miaka kadhaa baada ya kesi ile nilimkuta kwenye baraza ya muuza kahawa, amezeeka, ndevu nyeupe, na wajukuu wawili wanamvuta kanzu. Nilimwamkia, nikamwuliza, “Bwana nahodha, hukumchukia hakimu yule?” Alikizungusha kikombe kidoleni, akanitazama kwa muda kama atazamavyo upepo, kisha hakusema ndiyo wala la. Alisema, “Sikumchukia”, akamwashiria muuza kahawa animiminie kikombe.